Upole wa Tausi: kumkumbuka mbwa wa maonyesho bila kumtwisha mjukuu wake mzigo

SWALI

Daktari, salamu. Mbwa wangu jike Tausi, golden retriever, alikufa wiki 6 zilizopita akiwa na miaka 11. Alishinda maonyesho mengi, lakini watu wanaonipa pole hawataji vikombe, wanataja upole wake. Mtoto mdogo aliwahi kumwangukia kifuani akiwa amelala kando ya uwanja; alinyanyua kichwa tu, akamnusa nywele, akalala tena. Siku nyingine, kwenye foleni ya kuingia uwanjani, mbwa wa pembeni alimbwekea usoni, yeye akageuza shingo akawa ananusa chini. Na kuna siku alinijia na kifaranga mdomoni, mzima wa afya. Sasa mfugaji mmoja ameniambia yote yale yalikuwa mafunzo, kwamba mbwa yeyote akifundishwa hivyo atakuwa hivyo. Imeniuma sana. Nyumbani amebaki mjukuu wake, Lulu, mwenye miezi 8. Tangu bibi yake aondoke amebadilika: nikimwita haji, anashtukashtuka, na mgeni akimgusa anakakamaa. Nilishamwandikisha kwa maonyesho yake ya kwanza mwezi ujao. Naomba kujua upole wa Tausi ulitoka wapi, kama Lulu anaweza kuwa nao, na niandike nini kumhusu Tausi ili asibaki kuwa jina na picha tu.

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na Tausi. Nianze na maneno yale yaliyokuuma, maana yakishakaa sawa, maswali yako mengine yatakuwa mepesi kujibika.

Aliyekuambia kwamba yote yalikuwa mafunzo amechanganya vitu viwili. Mafunzo humwezesha mbwa kusimama bila kusogeza mguu huku jaji akimzunguka, kutembea kwa mwendo mmoja kando ya mwongozaji wake, na kukubali kufunuliwa midomo ili meno yakaguliwe. Tausi alifundishwa hayo, na kazi hiyo uliifanya wewe. Lakini katika matukio matatu uliyonisimulia sioni amri hata moja. Mtoto alianguka ghafla, mbwa wa pembeni alibweka ghafla, na kifaranga alimwokota mwenyewe. Alichofanya Tausi nyakati hizo kilitoka ndani yake. Hulka ya mbwa huonekana pale ambapo hakuna aliyemwelekeza.

La mtoto ndilo lililonigusa kuliko yote. Mbwa aliyelala akiangukiwa kifuani, mwili hushtuka kabla hajajua kilichotokea. Hilo halizuiliki, na naamini hata Tausi alishtuka. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Yuko atakayeruka na kurudi nyuma, yuko atakayenguruma, yuko atakayeng'ata kwanza ndipo atazame. Tausi alinyanyua kichwa, akamtambua aliyemwangukia, akamnusa, akalaza kichwa. Mshtuko ulikuja na ukaisha ndani ya pumzi chache. Sisi tunaoshughulika na tabia za mbwa tunakitafuta kitu hicho hasa: akishashtuka, anatulia upesi kiasi gani? Mbwa ambaye hashtuki kamwe hunitia wasiwasi, nikaanza kumpima masikio.

Kugeuza shingo na kunusa chini, kama alivyofanya kwenye foleni, ni adabu ya mbwa kwa mbwa mwenzake. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa kutoka Norway, ndiye aliyewazoesha wafugaji wengi kuzitambua ishara za namna hii: kugeuza kichwa, kulamba pua, kupiga miayo, kumkaribia mwenzake kwa kuzunguka badala ya kumwendea uso kwa uso. Foleni ya maonyesho ni mahali pagumu kwa adabu hiyo. Mbwa wamebanana, kamba ni fupi, waongozaji wenyewe roho ziko juu, na mbwa hana pa kukimbilia. Tausi alizima ugomvi bila kusogea hata hatua. Kama yule mwenzake alinyamaza baada ya hapo, liandike na hilo.

Kifaranga ana historia ndefu kuliko Tausi mwenyewe. Golden retriever walianzia Uskoti, kwenye milki ya Guisachan ya Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Tweedmouth. Mwaka 1868 dume wake wa rangi ya dhahabu aliyeitwa Nous alizaa na Belle, jike wa aina ya spanieli wa majini waliofugwa pande za Mto Tweed, na ukoo wote unaanzia kwenye uzao huo. Kazi yao ilikuwa kumletea mwindaji ndege aliyepigwa risasi, kutoka majini au vichakani, bila kumponda. Mbwa mwenye mdomo laini ndiye aliyethaminiwa, na ndiye aliyezalishwa. Kwa hiyo kati ya matukio yako matatu, hili la kifaranga ndilo lenye damu ya ukoo ndani yake zaidi.

Kabla sijaenda mbele, kuna jambo ambalo watu wa maonyesho hatulisemi vya kutosha. Utulivu wa nje hudanganya. Yuko mbwa anayesimama kimya kwa sababu ameridhika, na yuko anayesimama kimya kwa sababu ameogopa mpaka ameacha kujitetea. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha, na kwenye picha ndiyo kabisa. Mkono ndio unaojua. Ninapomkagua mbwa, naweka viganja nyuma ya masikio nikishuka polepole mpaka mabegani. Aliyeridhika, misuli inalegea chini ya vidole, anaendelea kuhema vilevile, na mara nyingi anaegemea kidogo upande wa mkono wangu. Aliyeogopa anakuwa mkavu kama ubao, anafumba mdomo, pumzi inakatika, na weupe wa jicho unajitokeza pembeni. Viwango vya aina nyingi za mbwa, yaani maelezo rasmi ya jinsi mbwa wa aina fulani anavyopaswa kuwa, vina sehemu inayohusu hulka, sawasawa na sehemu za kichwa, mgongo na mkia, na mbwa akimshambulia mtu uwanjani huondolewa. Ila yule anayeogopa kimyakimya hupita, na kuna siku hushinda. Jaji aliyempa utepe ametazama manyoya na mifupa, basi. Tausi hakuwa wa namna hiyo. Mbwa mwenye hofu hamnusi mtoto nywele kisha akarudi kulala.

Sasa tuje kwenye asili ya upole wake. Sehemu yake ni kurithi. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitri Belyaev alianza jaribio na mbweha waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya ngozi, huko Siberia, na Lyudmila Trut akaliendeleza kwa miongo mingi. Kigezo cha kuwachagua wazazi kilikuwa kimoja: mbweha anampokeaje binadamu anayemkaribia. Ndani ya vizazi vichache walianza kupatikana mbweha wanaotikisa mkia na kumlamba mtu mikono. Hakuna aliyewafundisha. Anayesema upole hauko kwenye damu amesahau mbweha hao.

Lakini usiende upande wa pili ukasema ni golden, na golden wote wako hivyo. Mwaka 2022 Kathleen Morrill, Elinor Karlsson na wenzao walitoa utafiti uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, na zaidi ya 2,000 kati yao wakapimwa jeni. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Na wepesi wa kuchokozeka, yaani kile hasa tulichokiona mtoto alipomwangukia Tausi, ulikuwa miongoni mwa tabia ambazo aina karibu haikueleza chochote. Nimefurahi kukuandikia hili. Maana yake ni kwamba uvumilivu ule ulikuwa wa Tausi kama Tausi. Jina la aina yake halikumpa.

Sehemu nyingine ni wiki zake za mwanzo. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walionyesha kwamba kuna kipindi, takriban kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12, ambapo mtoto wa mbwa hujifunza nani na nini ni vya kawaida duniani. Katika jaribio lililofanyika hukohuko, watoto waliokua bila kushikwa na watu mpaka wiki ya 14 waliwakimbia binadamu, na kuwarudisha ilikuwa kazi kubwa. Aliyemlea Tausi kabla hajafika kwako alimshika, akampitisha kwenye sauti na nyuso nyingi, akamwacha acheze na ndugu zake mpaka akajua nguvu ya meno yake mwenyewe. Kama bado unawasiliana naye, mwambie. Wafugaji hupongezwa kwa mabega na mwendo wa mbwa wao, na kwa hili ni wachache wanaopata shukrani.

Kisha ukaja wewe. Mbwa aliyezaliwa na moyo mzuri anaweza kuharibiwa kwa miezi michache ya kuvutwa kola na kupigiwa kelele. Miaka 11 bila kuharibiwa ina mtu nyuma yake.

Kuhusu Lulu, nakuomba usimhukumu sasa. Kuna mambo mawili yanayomwelemea kwa wakati mmoja, na kila moja peke yake lingetosha kumbadilisha.

La kwanza ni umri. Mwaka 2020 Lucy Asher na wenzake walichapisha utafiti juu ya mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuongoza wasioona. Walipofika miezi 8, mbwa hao walikuwa wagumu kutii amri kuliko walipokuwa na miezi 5, na ugumu huo ulielekezwa kwa mlezi wao. Mtu mwingine akitoa amri ileile, walitii. Ni ujana, dada yangu. Lulu kutokuja unapomwita hakukuambii lolote kuhusu moyo wake. Endelea kumwita kwa sauti ileile, mzawadie anapokuja, na usimwadhibu anapochelewa. Kipindi hiki hupita.

La pili ni msiba. Federica Pirrone na wenzake waliwauliza wafugaji 426 wa Italia waliofiwa na mbwa mmoja huku mwingine akibaki, matokeo yakatoka mwaka 2022. Asilimia 86 walisema aliyebaki alibadilika: mbwa wengi walimng'ang'ania mfugaji wao, walipunguza kucheza, na takriban thuluthi moja waliingiwa na woga zaidi ya zamani. Anachohisi mbwa rohoni hakuna anayeweza kukuapia, lakini mabadiliko yanaonekana, na ya Lulu yako palepale. Amempoteza aliyekuwa akimtazama kila kitu kipya kinapotokea, ili ajue kama kinafaa kuogopwa. Kukakamaa kwake mgeni anapomgusa nakuchukulia hivyo kwa sasa. Hata hivyo mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe mwili mzima, kwa sababu mbwa mwenye maumivu naye hukakamaa anapoguswa, na nisingependa tuyaite majonzi kumbe ni sikio au nyonga.

Anaweza kuwa na upole wa bibi yake? Anao baadhi ya urithi. Mtoto huchukua nusu ya jeni za mama, na mjukuu hubeba kama robo ya jeni za bibi, kwa wastani. Robo tatu iliyobaki ni ya mbwa wengine, na wao wana haki ya kuonekana ndani yake. Ningekuuliza pia kuhusu mama yake Lulu, binti wa Tausi: alinyonyesha vipi, alikuwa na watoto wake kiasi gani? Emily Bray na wenzake waliwafuatilia mama 23 na watoto 98 waliozaliwa kuwa mbwa wa kuongoza wasioona, wakachapisha mwaka 2017. Watoto ambao mama zao waliwaelemea kwa uangalizi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa mafunzo baadaye, na wale ambao mama zao walinyonyesha wakiwa wamesimama, mtoto akalazimika kuhangaika kidogo kulifikia ziwa, walifanya vizuri zaidi. Inawezekana kabisa hata Tausi alijengwa na vikwazo vidogo vya namna hiyo kabla macho yake hayajafunguka.

Wapo watakaokushawishi kwamba siku hizi mbwa anaweza kurudishwa kwa kloni, yaani kuzalishwa nakala yake kutokana na seli zake. Nakujibu kabla hujauliza. Tangu Snuppy azaliwe Korea Kusini mwaka 2005 jambo hilo linawezekana kimaabara. Mwimbaji Barbra Streisand alipata mbwa wawili kutokana na seli za mbwa wake Samantha, na mwaka 2018 alisema wazi kwamba tabia zao ni tofauti na za Samantha. Ikiwa jeni zote hazikumrudisha Samantha, robo moja isidaiwe kumrudisha Tausi. Lulu akija kuwa mpole, atakuwa mpole kwa namna yake. Huenda yeye atawapenda watu wazima na kuwakwepa watoto, au akawa mchangamfu kuliko mtulivu. Mpokee.

Maonyesho ya mwezi ujao, mwondoe. Najua umelipia na najua watu wanamsubiri mjukuu wa Tausi kwa hamu, na hiyo hamu yao ndiyo inayonitisha. Mbwa wa miezi 8 mwenye woga akiingizwa uwanjani, akashikwa na mgeni meno na kifua huku amebanwa na kamba, anaweza kujifunza siku hiyo moja kwamba mikono ya wageni ni ya kuogopwa, na utatumia mwaka mzima kulifuta somo hilo. Mpeleke kama mtazamaji. Kaa naye mbali na uwanja, umbali ambao bado anaweza kula kitafunio kutoka mkononi mwako. Akikataa chakula, umesogea mno, rudi nyuma. Mgeni asimwendee. Mwache yeye ndiye asogee, anuse mkono ulioshushwa chini, na aruhusiwe kuondoka. Mtu akimgusa, amguse kifuani au ubavuni kwa sekunde 3, kisha aondoe mkono na asubiri. Lulu akisogea kuomba zaidi, endeleeni. Akibaki pale pale au akigeuza kichwa, amekuambia hapana, na ukimheshimu atakuamini mara nyingine. Akianza kurudi kwenye utulivu upesi baada ya kushtuka, hapo ndipo uandikishe upya, hata kama ni mwaka kesho.

Sasa kumbukumbu ya Tausi. Mwaka 1907 jike mmoja wa aina ya fox terrier, Warren Remedy, alikuwa mbwa bora wa maonyesho yote ya Westminster kule New York, akarudia mwaka 1908 na 1909. Hakuna mbwa mwingine aliyewahi kushinda mara tatu. Ushindi wake umehifadhiwa kila mahali, lakini ukitaka kujua alifanya nini mtoto alipomshika sikio, orodha za washindi hazina la kukuambia. Linganisha na Rufus, bull terrier aliyeshinda Westminster mwaka 2006. Baada ya hapo alitumika kuwaliwaza wagonjwa, na wanaomtaja hutaja kazi hiyo pamoja na ushindi. Ukiandika vyeo vya Tausi peke yake, utakuwa umehifadhi kile ambacho waandaaji wa maonyesho wameshakihifadhi. Chako ni kile kingine.

Kwa hiyo andika matukio, na uyaandike yalivyokuwa. Neno “mpole” litumie mara chache iwezekanavyo, kwa sababu kila mwenye mbwa husema wake ni mpole. Andika alikuwa amelalia ubavu gani, mtoto alikuwa na umri gani, kichwa kilinyanyuka kwanza au mkia ulitikisika kwanza. Anza wiki hii. Vitu vidogo ndivyo vinavyosahaulika mapema. Kusanya maoni ya majaji. Kwenye maonyesho mengi jaji huandika maelezo ya kila mbwa, na humo mara nyingi kuna mstari kuhusu hulka ambao siku ile hukuusoma kwa sababu ulikuwa ukitafuta nafasi aliyoshika. Waulize waliomshika bila wewe kuwepo: aliyemwogesha na kumchana, daktari wake, aliyemwongoza siku ulipoumwa. Wao waliona Tausi ambaye wewe hukumwona. Video tafuta zile ambazo hajasimamishwa mkao wa maonyesho, na usifute sauti.

Andika pia aliyoyaogopa na aliyoyachukia. Kama radi ilimfanya ajifiche, sema. Kama kuna mbwa mmoja tu ambaye hakuwahi kumvumilia, mtaje. Tausi asiye na kasoro hataaminika, na Lulu atalinganishwa na mbwa ambaye hakuwahi kuwepo.

Kuna sababu nyingine ya kukuhimiza uandike kwa uangalifu. Cheti cha nasaba kinabeba majina na vyeo, vipimo vya nyonga na macho vina kumbukumbu zake, lakini hulka mara nyingi haiandikwi popote. Mtu atakayetaka kuzalisha kutoka ukoo wa Tausi miaka 10 ijayo atajua alikuwa na nyonga nzuri na hatajua alimfanya nini mtoto aliyemwangukia. Ukurasa mmoja au miwili kutoka kwako utamsaidia kuchagua. Weka humo umri wake katika kila tukio, alivyokuwa wakati wa ujana wake (na ukikumbuka kwamba naye aliwahi kukataa kuja ulipomwita, liandike kwa ajili ya Lulu), alivyolea watoto wake, na alivyobadilika alipozeeka na kuumwa, kwa sababu maumivu huwabadilisha wengi. Nakala moja iambatanishe na cheti chake, nyingine wape wote waliochukua watoto na wajukuu wake, na uwaombe nao wakuandikie kuhusu wao.